Mali Bila Daftari: Funzo Kutoka Soko la Nizwa

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo ilinijia akilini nikiwa katika mji wa Nizwa, nchini Oman, ambako mimi na wenzangu wawili tulitembezwa kwa siku nne na mwongozaji wa watalii katika miji ya milima ya Hajar. Siyaandiki haya kwa nia ya kusimulia safari. Nayaandika kwa kuwa niliyoyaona huko yanatuhusu sisi huku, hasa walimu na wanafunzi wetu.

Nizwa iko kiasi cha kilomita 150 kutoka Muscat, katika nchi kavu ya mawe na vumbi. Ngome yake yenye mnara mkubwa wa mviringo ilijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Seif, wa ukoo wa Yaaruba. Imamu huyo ndiye aliyewafukuza Wareno kutoka Muscat mwaka 1650, na mwaka 1698 watu wa ukoo wake wakaitwaa Fort Jesus, Mombasa. Kwa hivyo Mkenya anayepanda ngazi za ngome hiyo hayuko ugenini kabisa.

Maisha katika milima hiyo yamewezekana kwa sababu ya aflaji, yaani mifereji ya kale inayoyaleta maji hadi kwenye mashamba ya mitende. Mitano kati yake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Maji hugawanywa kwa zamu, na zamani zamu hizo zilipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Kipimo kimoja huitwa athar, nacho ni takriban nusu saa. Asiyelijua neno hilo na mengine ya aina yake hawezi kuiendesha mifereji hiyo kama walivyoiendesha babu zake. Elimu yenyewe imo ndani ya msamiati.

Sokoni tuliwaona masonara wakizitia nakshi ala za fedha za hanjari, silaha ya fahari ambayo ufundi wake UNESCO iliutambua mwaka 2022. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na rafu zilizojaa vitu vya kiwandani vilivyoletwa kutoka ng'ambo. Mwongozaji wetu aliisifu kofia moja kuwa ni kazi ya mkono. Alipokwenda zake, mwenye duka, mzee wa makamo ya baba yangu, akatunong'oneza kwa Kiswahili safi cha Unguja: "Hiyo ya mashine, wanangu. Ya mkono hii hapa." Tukamwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba kwa furaha iliyoonekana machoni. Mjukuu wake, kijana wa shule, alimwelewa babu yake kila aliposema, lakini akamjibu kwa Kiarabu tu.

Mwanaisimu huijua dalili hiyo. Lugha inayosikilizwa na vijana bila ya kusemwa nao imekwisha kuanza kuaga.

Kwa siku zote nne, mwongozaji hakutaja hata mara moja jinsi Kiswahili kilivyofika huko. Hakusema kwamba Sayyid Said alihamishia makao yake Zanzibar katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wala kwamba utajiri wa karafuu ulijengwa kwa jasho la watumwa. Hakusema kwamba mapinduzi ya mwaka 1964 yaliwatawanya wengi, na kwamba baada ya Sultani Qaboos kutwaa madaraka mwaka 1970 maelfu walikwenda Oman na lugha yao mdomoni. Tuliuziwa ngome, tende na fedha. Historia iliyotuunganisha nao, pamoja na machungu yake, ikaachwa nje ya mlango.

Hata hivyo, tusiwacheke jirani. Je, mtalii anayetembezwa Lamu huambiwa majina ya nakshi za mlango anaoupiga picha? Mwanafunzi anayepelekwa Fort Jesus hurudi na nini zaidi ya picha na tarehe mbili tatu? Mawe ya Tabaka, vinyago vya Wamunyu na kofia za vito za pwani vinauzwa kila siku bila jina la fundi, na wauzaji wengi hawawezi kueleza kazi hizo zilivyofanywa.

Yamkini msomaji atauliza kama maneno yatamlisha fundi. Nionavyo mimi, ndiyo njia mojawapo ya kumlisha. Husemwa kwamba kizuri chajiuza, lakini katika soko ambamo bandia imewekwa ubavuni mwa asili, kizuri hakijiuzi, kinahitaji msemaji. Mnunuzi asiyeijua tofauti huchagua bei ya chini, na fundi huweka sindano chini. Aliyefahamishwa tofauti hiyo aghalabu huwa tayari kuilipia.

Kazi hii haihitaji kusubiri bajeti ya serikali. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuwaagiza wanafunzi wake wamwendee fundi mmoja wa kijijini, mfinyanzi, msusi wa vyondo au seremala wa mitumbwi, waandike jina la kila chombo, kila hatua na kila kasoro. Makala ya kurasa kumi kutoka kila shule yangekuwa kamusi ambayo hakuna chuo kikuu kingeweza kuiandika peke yake. Na waongozaji wetu wa watalii wangepata cha kusema.

Kofia niliyoinunua Nizwa ninayo. Nilimwuliza mzee yule majina ya mishono yake, naye akanitajia matatu. La nne alilikumbuka mamake, akasema, na mamake amekwisha kufariki.