KUNYIMWA VISA SIYO DHAMBI WADAU, TUACHE KUCHEKANA

Haya wadau wangu wa mji kasoro bahari na kwingineko, leo nina langu moyoni na nalitoa hapahapa. Ubuyu mnao tayari, sina haja ya kuwatafunia. Kuna msanii wetu mmoja wa hapa Moro, jina kapuni, alitangaza anaenda Ulaya kupiga shoo mbili. Posta zikapostiwa, watu tukashea, akaagwa kwa bonge la pati pale Msamvu. Wiki tatu baadaye kaonekana sokoni kwa Chifu Kingalu ananunua nyanya. Visa imebuma.

Basi mitandaoni hapakukalika. Mara "karudi kabla hajaenda", mara "ameishia Ulaya ya Kihonda". Wengine wakahamia kwa mama yake, as if mama ndiye afisa wa ubalozi. Mimi huyo jamaa siyo mshikaji wangu na nyimbo zake zingine sizielewi. Ila kwenye hili nasema tunacheka kitu ambacho wengi wetu hatujui hata kinafanyaje kazi.

Tuanze na gharama. Ile Ulaya aliyokuwa anaenda ni nchi 29 zinazotumia visa moja, inaitwa Schengen. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90, ilipanda kutoka 80 mwezi Juni 2024. Kwa hela yetu ni robo milioni na kitu, na ukinyimwa hairudi. Bado bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 ya kukulipia ukiugua, barua ya mwaliko, uthibitisho wa pa kulala, mpango wa ndege wa kwenda na kurudi, stetimenti ya benki, barua ya mwajiri. Kabla ya yote hayo pasipoti ni 150,000, na pasipoti huipati bila NIDA na vyeti vya kuzaliwa. Halafu Moro hakuna ubalozi. Unapanda SGR kwa 13,000 kwenda Dar, 13,000 kurudi, na karatasi moja ikipungua unaianza tena safari.

Hiyo hela mtu anaweza kuchanga. Kinachowatoa watu wengi ni swali moja tu: je, utarudi?

Barua ya kukataliwa visa ya Schengen inakuja na orodha ya sababu, wanatiki inayokuhusu. Mojawapo, kwa lugha ya kitaa, inasema tuna mashaka kama utaondoka kwetu kabla visa yako haijaisha. Unyamwezini ndiyo kabisa. Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b), inamhesabu mtu anayeomba visa ya matembezi kuwa ni mhamiaji mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba siyo. Yaani ushakuwa mtuhumiwa kabla hujasema shikamoo.

Na unathibitishaje? Unaonyesha kinachokuvuta nyumbani. Kazi, mali, hela, familia. Tena vyote viwe kwenye karatasi.

Sasa twende mlimani kidogo, mtanielewa. Panda Uluguru mpaka Kinole, au zunguka Matombo, au Mgeta kwa wakulima wa mboga. Waluguru kwa desturi ardhi inapita kwa ukoo wa mama. Chukua kijana wa Kinole ana migomba, ana mdalasini, ana mikarafuu, na shamba alipewa na wajomba. Bibi zake wamezikwa pale. Akiondoka akapotea, shamba linabaki kwa ukoo na jina lake linabaki midomoni mwa wajomba kwa ubaya. Huyo mtu ana sababu za kurudi kuliko mimi na wewe tuliopanga chumba mjini.

Mwambie alete ushahidi. Hati ya shamba hana, maana shamba linajulikana na wajomba na mpaka ni mti. Stetimenti ya benki hana, hela ya ndizi inalipwa mkononi na inayobaki iko kwenye simu. Barua ya mwajiri aandikiwe na nani, mlima?

Halafu chukua jamaa wa mjini. Hana mke, hana mtoto, hana shamba, godoro lake linaingia kwenye bajaji. Ila ana ajira ya kampuni na mshahara unapita benki kila mwisho wa mwezi. Huyo akizamia Canada kesho asubuhi, mwenye nyumba ndiye atakayeumia, basi. Lakini karatasi zake zimenyooka.

Mbele ya dirisha la visa nani ana nafasi kubwa? Mnajua wenyewe.

Ndiyo hali ya msanii wetu. Anapiga harusi, anapiga kitchen party, anapiga sherehe za mabosi. Malipo kwa mkono au kwa M-Pesa, mkataba hakuna, risiti hakuna. Ana watoto wawili wanasoma hapahapa na mama mzazi anamtegemea. Kila mtu mtaani anajua yule harudi nyuma kwa familia yake, isipokuwa karatasi zake. Ukimcheka, unamcheka kwa kukosa faili. Wewe la kwako liko wapi?

Najua wapo watakaosema Wabongo wenyewe ndio tumeharibu, watu wanaenda shoo wanazamia. Ni kweli wapo, na nchi ya watu ina haki ya kuchagua anayeingia kama wewe unavyochagua anayelala sebuleni kwako. Ila jiulizeni, aliyeenda kwa visa akazamia, si alipewa visa kwanza? Maana yake karatasi zake zilipita vizuri tu. Faili zuri halimzuii mtu kuzamia, na kukosa faili siyo kwamba mtu anataka kuzamia.

Upande wa pili kuna hawa wanaoringia visa. Kuna dada mmoja maarufu wa Insta, naye jina kapuni, kila mwezi yuko Dubai na kila posti anatukumbusha kwamba "level siyo zetu". Dada yetu, Dubai hata wakala au hoteli inaweza kukuombea visa. Hongera kwa kusafiri, kweli, kula maisha. Ila visa siyo cheti cha tabia njema wala ya akili. Na wale wa chini wanaoona picha zako wanaanza kuamini kwamba mtu asiye na mhuri kwenye pasipoti ni mtu asiye na maana.

Kutoka hapo ndipo wanapozaliwa vishoka. Kwa sababu kunyimwa ni aibu, mtu yuko radhi atengeneze stetimenti ya uongo, akodishe milioni kumi zikae kwenye akaunti wiki mbili, aandikiwe barua ya kampuni isiyokuwepo. Wadau, hapa sitanii. Uingereza wakikukamata na udanganyifu wanaweza kukufungia miaka 10. Marekani, kudanganya ili upate visa kunaweza kukufungia mlango maisha yako yote. Kunyimwa kawaida unaweza kuomba tena. Uongo unakufuata. Kwa hiyo kila komenti ya kucheka mnayoandika inamsukuma mdogo wako mmoja kwa kishoka.

Na kuna milango siku hizi hata faili zuri haliifungui. Oktoba 2025 Marekani waliiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa visa ya matembezi anaweza kuambiwa aweke dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000, anarudishiwa akitoka kwa wakati. Hiyo ya juu ni zaidi ya milioni 35. Kabla watu hawajamaliza kushangaa, kuanzia tarehe 1 Januari 2026 wakasimamisha kwa Watanzania visa za matembezi na hata za wanafunzi. Mtoto wa SUA au Mzumbe mwenye matokeo makali naye yumo humo. Yeye naye tumcheke?

Wakati huohuo mtalii wa Kimarekani visa ya kuja kwetu ni dola 100, wa nchi nyingi nyingine dola 50. Anakuja, anapandishwa Morningside na kijana wa Kiluguru, anapigwa picha na mawingu, anamwambia kijana "karibu kwetu". Kijana anacheka tu. Anajua huo ukaribisho una nini nyuma yake.

Lakini tusijifanye malaika, na sisi tuna geti letu. Ufilipino wanampokea Mtanzania siku 30 bila visa, wakati Mfilipino akija Tanzania analipia visa. Na Wafilipino nao wakitaka Ulaya au Marekani wanahojiwa kama sisi. Kwa hiyo hii adha siyo ya Mbongo peke yake wala siyo laana ya ngozi yetu. Ni dunia ya watu wengi wenye pasipoti nyepesi.

Sasa tufanyeje? Moja, tutumie milango iliyo wazi. Kenya, Uganda, Rwanda, Zambia, Malawi huombi visa. Sauzi hadi siku 90. Mbali zaidi kuna Malaysia, Singapore, Hong Kong na hao Wafilipino. Msanii akipiga Nairobi, Lusaka na Johannesburg, akarudi kila mara, tayari ana kumbukumbu ya mtu anayerudi.

Mbili, tutengeneze karatasi za kweli mapema, siyo wiki ya safari. Fungua akaunti, malipo ya shoo yapitie huko. Andikiana mkataba hata wa harusi ya laki mbili. Jisajili BASATA, chukua TIN. Na ndugu zangu wa mlimani, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, hata kwa familia au kikundi. Siyo lazima iwe kwa ajili ya Ulaya. Ni vizuri tu shamba la bibi lijulikane na serikali kama linavyojulikana na wajomba.

Tatu, wanaowaalika wasanii wetu na mamlaka zetu za sanaa wasiwaache waende dirishani peke yao. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilitoka hapahapa kwenye huu mji ikaenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya Expo 70. Walienda kwa jina la Tanzania. Vijana wa sasa wanabeba bendera ileile jukwaani, ila kwenye foleni ya visa kila mtu na bahasha yake.

Kwa huyu kaka wa nyanya, pole sana. Piga shoo Moro, sisi tutaingia. Na siku ukiomba tena usitangaze mpaka pasipoti iwe mkononi, maana watu hawana dogo.

Wadau, wewe au nduguyo mmewahi kunyimwa visa? Mliambiwa sababu gani? Shusha komenti hapo chini, bila matusi na bila kutaja majina ya watu. Kuna mtu anasoma hapa, kabeba bahasha yake, na hajui aanzie wapi.