Ukialikwa milima ya theluji, panga kurudi kwanza

Wengi wetu tunaijua theluji kwa kuitazama kwa mbali, kwenye kilele cha Mlima Kenya asubuhi mbingu zikiwa safi, au katika kadi za Krismasi. Hata hivyo, siku hizi ni nadra kupata ukoo wa mjini usiokuwa na mtoto, binamu au shangazi aliyeko Marekani. Baadhi yao wamepata nafasi za masomo katika majimbo ya magharibi kama vile Utah, Idaho, Montana na Wyoming, ambako milima ya Rocky hufunikwa na theluji kwa miezi mingi. Ifikapo Desemba na chuo kufungwa, mwaliko huja: “Twende milimani tukaendeshe pikipiki za theluji.”

Kwa kijana aliye mbali na kwao, mwaliko huo ni mtamu. Picha za kutuma nyumbani zitakuwa za ajabu. Tena ukiwa mgeni miongoni mwa wenyeji, ni vigumu kuuliza maswali mengi, usije ukaonekana mwoga. Leo ningependa tuyaulize maswali hayo pamoja, kabla safari haijaanza. Iwapo ni wewe unayesafiri, au ni mwanao, yatakufaa.

Chombo chenyewe

Pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina skii mbili za kuiongoza, na nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama minyororo ya tingatinga. Haina gia za kubadilisha. Kidole gumba cha mkono wa kulia husukuma kijiti kidogo cha kuongeza mwendo, na mkono wa kushoto hukamata breki. Uzito wake hupita kilo 200. Kuiondoa hadi ikaenda ni jambo la kujifunza kwa dakika chache tu, na hapo ndipo mtego ulipo. Mashine hii humfikisha mtu mahali ambapo maarifa yake bado hayajafika.

Asili yake inafaa kukumbukwa. Joseph-Armand Bombardier wa Quebec, Kanada, alianza kuunda chombo cha kupita juu ya theluji mwaka 1922 akiwa kijana wa miaka 15. Majira ya baridi ya mwaka 1934, mwanawe wa miaka miwili aliugua, na kwa sababu barabara zilikuwa zimezibwa na theluji, hapakuwa na njia ya kumfikisha hospitalini. Mtoto huyo alifariki. Bombardier aliendelea na kazi yake kwa bidii zaidi. Mwaka 1937 alipata hataza ya mtambo wake wa kuzungusha mkanda, na mwaka 1959 kampuni yake ikatoa pikipiki ndogo iitwayo Ski-Doo, ambayo ilifanya mchezo huu uenee.

Uende wapi, na nani?

Kwa safari ya kwanza, chagua njia iliyosawazishwa na kuwekwa alama, na uandamane na kiongozi anayelipwa kwa kazi hiyo. Ushauri huu ukikuchukiza, soma hadi mwisho kabla ya kunilaumu.

Mfano mzuri ni mji mdogo wa West Yellowstone, jimboni Montana, kwenye lango la magharibi la Mbuga ya Taifa ya Yellowstone. Mbuga hiyo iliundwa mwaka 1872, na pikipiki za theluji ziliingia humo kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Mji uko umbali wa kilomita 145 hivi kutoka Bozeman, ambako kuna uwanja wa ndege. Majira ya pikipiki mbugani huanza katikati ya Desemba na kumalizika katikati ya Machi.

Kutoka langoni hadi Old Faithful, chemchemi ya maji moto inayoruka angani kila baada ya saa moja na nusu hivi, ni kilomita 48. Mtu aliyeona chemchemi za Ziwa Bogoria ataitambua jamaa yake, ila hii huruka juu zaidi na pembeni yake pana barafu. Njiani utakutana na nyati wa Marekani wakitembea barabarani bila haraka. Sheria inakutaka ukae angalau mita 23 kutoka kwao, na mita 91 kutoka kwa mbwamwitu. Kasi haipiti kilomita 56 kwa saa.

Kanuni zilizotolewa mwaka 2013 haziruhusu mtu kujiingilia mbugani hivi hivi na pikipiki yake. Ni lazima awe na kiongozi wa kampuni iliyoidhinishwa, au awe katika kundi dogo lililopata kibali kwa bahati nasibu. Aidha, kila anayeendesha lazima awe na leseni kamili ya udereva. Leseni ya mwanafunzi anayejifunza gari haikubaliwi. Asiye na leseni anaweza kubebwa nyuma na mwenzake.

Fedha nazo zihesabiwe mapema. Kukodi pikipiki pamoja na kiongozi kwa siku moja hugharimu mamia ya dola, mbali na malazi na nauli. Soma mkataba wa kukodi mstari kwa mstari, kwani kwa kawaida aliyetia sahihi ndiye hulipia skii iliyovunjika. Ulize pia kama bima yako ya matibabu inagharimia ajali ya michezo ya mashine. Kuuliza si ujinga, na hospitali za Marekani hazina bei ya chini.

Baridi na giza

Mwinuko hautamtisha sana mtu wa nyanda za juu. West Yellowstone iko mita 2,032 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Eldoret. Ndugu zetu wa Mombasa ndio watakaohitaji kupumzika siku moja au mbili kwanza. Baridi, lakini, ni ya aina nyingine kabisa. Ikiwa hewa iko nyuzi 18 chini ya sufuri na unakwenda kwa kasi ya kilomita 48 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupigwa na upepo kana kwamba ni nyuzi 32 chini ya sufuri. Katika hali hiyo pua, masikio na vidole vinaweza kuganda kwa muda wa nusu saa.

Kwa hiyo usivae pamba. Fulana ya pamba na suruali ya jinzi hunywa jasho na theluji, kisha hukaa mwilini kama kitambaa kibichi. Vaa nguo za ndani za sufu au za nailoni, juu yake sweta, na juu kabisa suti isiyopitisha upepo wala maji. Usinunue kila kitu, kwani kampuni nyingi za kukodisha pikipiki hukodisha pia suti, viatu, glavu na helmeti. Beba glavu na soksi za akiba, miwani ya kukinga macho na mwako wa theluji, maji ya kunywa na chakula. Ukiona doa jeupe au la kijivu kwenye shavu la mwenzako, au akianza kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka, simamisheni msafara. Asiambiwe ajikaze.

Jambo jingine linalowapata watu wa ikweta ni mchana mfupi. Sisi tumezoea jua kuzama mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, mwaka nenda mwaka rudi. Kule, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza kama saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Likishazama, baridi huongezeka kwa kasi. Basi panga safari kwa kuanzia mwisho: ni saa ngapi lazima tuwe tumerudi? Kisha hesabu kurudi nyuma hadi saa ya kuondoka. Petroli nayo ihesabiwe vivyo hivyo, ya kwenda na ya kurudi.

Mlima unapoanguka

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Nje ya njia zilizosawazishwa kuna miteremko mizuri, mieupe, isiyo na alama ya mtu. Vijana wenye mashine za milimani, zile za mkanda mrefu, hupenda kushindana ni nani atakayepanda juu zaidi. Miteremko hiyo ndiyo huua.

Theluji hulala kwa matabaka, kila dhoruba ikiongeza lake. Wakati mwingine tabaka la chini huwa dhaifu kama mchanga wa sukari, na juu yake kumekaa bamba zito lililoshikamana. Hutaliona kwa macho. Uzito wa pikipiki moja watosha kulivunja, na mlima mzima huanza kuteremka. Hatari kubwa iko kwenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, yaani kuanzia mwinamo wa ngazi za nyumba ya ghorofa na kuendelea. Jambo la kusikitisha ni kwamba katika ajali tisa kati ya kumi zinazoua, maporomoko huanzishwa na aliyefukiwa mwenyewe au na mwenzake.

Theluji ikishasimama hugandamana kama saruji, na aliye ndani hawezi hata kuinua mkono. Akifukuliwa katika dakika 10 za mwanzo, mara nyingi huwa hai. Nusu saa ikipita, wengi huwa wamekufa. Hakuna helikopta ya kukufikia kwa muda huo. Waokoaji wako ni wale mlioandamana nao.

Ndiyo maana kila anayeingia milima hiyo hubeba vitu vitatu: kifaa kidogo cha kutoa na kupokea ishara za redio, ufito mrefu wa kuchoma theluji kumtafuta aliyefukiwa, na beleshi la kufukulia. Kifaa cha ishara huvaliwa mwilini, hakifungwi kwenye pikipiki. Tena vitu hivyo havina faida kama hamjafanya mazoezi ya kuvitumia. Mteremko wa hatari hupandwa na mtu mmoja mmoja, wengine wakingojea mahali ambapo theluji haiwezi kuwafikia. Mwenzenu akikwama juu, msimfuate kumsaidia, kwa maana uzito wa pili ndio huangusha mlima.

Kuna vituo vinavyotoa taarifa za hatari hii bila malipo, mathalani kile cha Utah kilichoko Salt Lake City na kile cha Gallatin kilichoko Bozeman. Hatari hupangwa kwa ngazi tano. Jihadhari zaidi na ngazi ya tatu. Ya nne na ya tano huwatisha watu wakabaki nyumbani, lakini ya tatu huonekana ya wastani, watu huenda, na huko ndiko wengi wamepotelea.

Usione haya kusema la

Mpenzi msomaji, kundi la marafiki likikuambia kiongozi ni kupoteza fedha, likakupa mashine kubwa kuliko uwezo wako na kukuonyesha kilima, jibu ni la. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Kicheko cha marafiki hupita kwa siku moja.

Mkumbuke Philip Boit. Alianza kujifunza kuskii nchini Finland mwaka 1996, akafundishwa hatua kwa hatua, na Februari 1998 akashindana katika Olimpiki ya Nagano, mbio za kilomita 10. Alikuwa wa mwisho, nambari 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja hadi akafika, akamkumbatia. Hakuna aliyemdharau kwa kuanza chini na kufika salama.

Nanyi wazazi, msikimbilie kukataza. Mtoto aliyekatazwa bila sababu huenda kimyakimya, na hilo ni baya zaidi. Mwulizeni maswali manne. Nani anawaongoza? Mnapita njia gani? Mtarudi saa ngapi? Na ni nani huko ambaye ataita msaada mkichelewa? Akiyajibu yote bila kubabaika, mpeni baraka zenu. Majira ya baridi Montana huwa nyuma yetu kwa saa kumi, hivyo akirudi saa kumi na moja jioni, hapa ni saa tisa usiku. Mwambieni apige simu hata hivyo. Hakuna mama atakayelalamika kuamshwa na habari njema.