Mngurumo Hausimamishi Gari

Vijana wenzangu wa vyuo, tuna ugonjwa mmoja. Mtu akituonyesha gari alilolijenga kwa mikono yake, swali letu la kwanza ni lile lile: lina nguvu za farasi ngapi? Hatuulizi linasimama vipi. Ninaandika kulipinga swali hilo, na ninaandika kama mtu aliyeliuliza kwa miaka, mpaka likamvunja mguu binamu yangu.

Tuanze na gari tunaloliota. Mabwenini, kwenye simu zetu, linanguruma kila usiku: gari la Kimarekani la miaka ya 1960, bodi pana, injini ya V8. Pontiac GTO na Ford Mustang yote yalitoka mwaka 1964, na baada yake yakafuata mengi ya aina hiyo, magari ya misuli. Siku hizi wapo watu wanaochukua bodi la zamani, wakaliwekea injini mpya inayoongozwa na kompyuta, kisha wakalipeleka kwenye njia ya mbio. Wanayaita restomodi, na mengine huuzwa kwa bei ya nyumba.

Tunachokiona kwenye video ni injini ikishushwa kwa mnyororo na moshi ukitoka. Kazi yenyewe iko kwingine. Mustang za kwanza zilitoka kiwandani na breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Aliyetaka diski za mbele aliongeza pesa. Bodi lake hujipinda likibanwa kwenye kona. Usukani wake ni mzito wa kujibu. Ukilitia injini mara mbili ya ile ya mwanzo bila kugusa hayo, umejenga gari linalofika konani mapema zaidi likiwa na uwezo ule ule wa kukata kona. Ndiyo maana anayejenga kwa ajili ya mbio kweli hulichomelea gari vyuma vya kulikaza chini, akabadilisha springi na shokapu, akaweka rejeta kubwa, akafunga diski pande zote, ndipo akafikiria nguvu.

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha tatu. Gari likitoka kilomita 60 kwa saa kwenda 90, mwendo umeongezeka mara moja na nusu, lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza imeongezeka mara mbili na robo. Nishati hiyo yote inageuka joto. Dramu ikipata moto hutanuka na kuziacha brekshuu nyuma. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu hewani: yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji, kiwango kinachoruhusiwa hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga pedali, inazama, gari linaendelea. Sasa fikiria unyevu wa Msimbati, ambako hata chumvi ya mezani haikauki.

Mtu ataniambia hayo ni mambo ya Wazungu na njia zao za lami. La. Mwaka 2009, mashindano ya East African Safari Classic, yale ya magari ya zamani, yalishindwa na Ford Mustang. Dereva wake alikuwa Ian Duncan, Mkenya aliyeshinda Safari Rally mwaka 1994 kwa Toyota Celica. Gari lililozaliwa kwa barabara pana za Marekani lilimaliza la kwanza kwenye vumbi, mawe na makorongo ya kwetu. Mashindano ya siku nyingi namna hiyo hayamtazami aliyenguruma zaidi mjini siku ya kuanza. Gari lililokatika ekseli porini halina nafasi kwenye orodha. Na kabla yake, mwaka 1965, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant waliishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika, gari dogo la silinda nne. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa jina kubwa. Alijua gari lake litakatikia wapi kabla halijakatika.

Sasa nirudi kwetu. Sisi tuna restomodi zetu, ila hatuziiti hivyo. Tunaziita mikweche. Kusini, kuanzia Mtwara hadi Newala na Masasi, Land Rover 109 zilizotoka kiwandani kabla wengi wetu hatujazaliwa bado zinabeba watu, korosho na saruji, na nyingi hazina tena injini walizozaliwa nazo. Kuna fundi chini ya mkorosho aliyepima, akakata, akachomelea, akapachika injini ya Kijapani kwenye chesisi ya Kiingereza. Mmarekani akifanya hivyo tunabonyeza alama ya kupenda. Fundi wa kwetu akifanya hivyo tunasema amechakachua.

Mjomba wangu ni fundi wa aina hiyo. Kwetu mjomba ni mtu mzito. Ukiwa na jambo, humwendea yeye kabla ya baba. Nilipomaliza shahada ya kwanza nilimwendea na jambo langu: picha ya Mustang kwenye simu. "Shikamoo Mjomba. Ona hii. Na yako tuifanye hivi." Land Rover yake, 109 ya Siri III, ilikuwa na injini ya petroli ya lita 2.25, nguvu za farasi kama 70 ikiwa mpya, na haikuwa mpya. Akacheka. Baada ya miezi akanipigia simu: amepata mashine ya 1HZ kutoka Land Cruiser iliyopinduka. Silinda sita, dizeli, lita 4.2, farasi karibu 130.

Alichokifanya chuoni kingepewa alama za juu. Bamba la kuunganisha injini na giaboksi alilichongesha kwa kipimo alichokichora mwenyewe kwenye boksi la sigara. Rejeta aliisogeza mbele, mikono ya kushikia injini akaitengeneza upya. Iliwaka siku ya kwanza. Nikaichukua video ikikimbia ufukweni Msimbati, mchanga ukiruka. Baadaye ndipo nilipoona aibu ya video ile: ufuko huo uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kasa hutaga mayai kwenye mchanga wa ghuba hii. Wakati huo nilihesabu waliopenda tu.

Breki hatukuzigusa. Zilikuwa dramu nne za kiwandani.

Miezi minne baadaye Mjomba alikodiwa kupeleka saruji kijiji kimoja cha bonde la Ruvuma, chini ya mteremko wa Newala. Alipakia mifuko thelathini, tani moja na nusu. Kwa injini ya zamani asingethubutu. Gari lisingetoka hata nje ya mji. Hilo ndilo jambo ambalo swali letu la farasi halilioni: nguvu mpya inakubebesha mzigo mpya, na mzigo huo breki za zamani hazikuulizwa. Nusu ya mteremko pedali ilizama mpaka chini. Wanawake wawili wenye ndoo walikuwa wamevuka njia punde tu. Mjomba alilipeleka gari kwenye ukingo wa udongo upande wa juu, likagonga, likalala ubavu. Binamu yangu, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa amekaa juu ya mifuko. Paja lilivunjika. Leo anachechemea.

Wodini walikuja watu wengi kutoa pole. Mmoja, akiwa amesimama pale pale kitandani, alisema, "Lakini ile mashine, jamani, inavuta!" Tukacheka. Mimi nilicheka. Binamu yangu hakucheka, na ni uso wake ule unaonifanya niandike.

Kosa hili si la mafundi wa chini ya mkorosho peke yao, na nchi hii iliwahi kuliona kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili yake. Matrekta yalipokosekana, vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani viligeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers, vikaitwa Shervick. Hiyo nayo ilikuwa restomodi, tena ya wasomi wenye vyeti: nguvu ya kutosha kung'oa mbuyu. Hawakuwa wamejaribu vya kutosha udongo wala mvua za mahali walipokwenda kulima. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na reli ile baadaye ikang'olewa. Walikuwa na mashine kabla ya kuwa na vipimo.

Kinyume chake kiko hapo hapo kwetu. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, inasafishwa Madimba, njia ile ile Mjomba anayopita kwenda mjini. Kuna mengi ya kuisema gesi hiyo na nani anafaidika nayo, na watu wa Mtwara waliyasema kwa sauti mwaka 2013. Lakini kazi ya gesi ina adabu moja ninayoitaka gereji: bomba hujaribiwa kwa presha kabla ya kuaminiwa, na vali ya kufunga ni sehemu ya mtambo tangu kwenye mchoro. Hakuna mhandisi anayejisifia presha ya kisima huku akisema vali tutazifunga tukipata pesa.

Naam, pesa. Hapo ndipo wanaonipinga wananisubiri. Wanasema: umesoma, unaongea, diski ni ghali, fundi ana watoto. Nawajibu kwamba Mjomba alipata pesa ya injini. Sisi sote tulimchangia, hata mimi nilitoa kwenye posho yangu, kwa sababu injini ni kitu cha kuonyesha. Kwa breki hakuna aliyeombwa wala aliyejitolea. Umaskini ni kweli, lakini mpangilio wa matumizi tuliuchagua wenyewe.

Wengine wananiambia: unawadhalilisha mafundi wetu kwa viwango vya nje. Hao ndio ninaowapinga zaidi, kwa sababu wanajidai wanawatetea. Kumsifu fundi bila kumpima ni kumchukulia kama mtoto anayepigiwa makofi kwa kuchora. Mjenzi wa magari ya mbio hupimwa kila siku, kwa saa na kwa futi, na wenzake humwambia palipo na kasoro. Mjomba anastahili hivyo hivyo.

Kipimo chenyewe si ghali. Gari lilipotengenezwa tulikwenda kwenye njia ya shamba letu la mikorosho, iliyonyooka mita kama mia nne, haina mpita njia. Tulipakia magunia ya mchanga badala ya watu. Kilomita 60 kwa saa, kanyaga breki kwenye alama ya chokaa, hesabu hatua mpaka liliposimama. Rudia mara sita bila kupumzika, kwa sababu breki ya mara ya kwanza husema uongo. Ya mara ya sita husema kweli. Kwa dramu za zamani, zikiwa na brekshuu mpya kabisa, mara ya kwanza lilisimama hatua 31. Mara ya sita, hatua 58. Mjomba alitembea hatua zile mwenyewe, akarudi, akazitembea tena. Hakusema neno. Wiki iliyofuata alianza kutafuta ekseli ya mbele yenye diski.

Aliipata, akaifunga, akaweka masta silinda inayolingana nayo na sevo ya kusaidia mguu, akabadilisha mafuta yote. Tukarudi shambani. Mara ya kwanza hatua 26, mara ya sita 29. Mwenye kuhesabu na kuandika alikuwa binamu yangu, kiti chini ya mkorosho, daftari la shule magotini. Daftari hilo sasa lina magari mengine, kwa sababu mafundi wenzake Mjomba walisikia, wakaja kwanza kucheka, kisha kupima.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. La kwanza kwa wenye mamlaka ya elimu ya ufundi na usalama barabarani: kila mji wenye mafundi wanaobadilisha injini uwe na kipande cha njia iliyofungwa, hata mita mia tano, ambako gari litajaribiwa kabla halijapewa abiria. Bila hivyo njia ya majaribio ni barabara ya watu, na wanaojaribiwa ni wanawake wenye ndoo.

La pili ni kwetu, tunaobonyeza alama za kupenda. Acheni kuuliza farasi. Mtu akikuonyesha gari, la Texas au la Tandahimba, muulize: likiwa na mzigo, mara ya sita, linasimama hatua ngapi? Akiwa na jibu, msifu mpaka achoke. Akiwa hana, usipande. Na ukiwa umemchangia injini, kama nilivyofanya mimi, mchangie na breki.