Mhudumu wa afya akitoka kwa jirani, usiulize alifuata nini

Ni saa nne asubuhi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anatoka kwenye nyumba ya tatu kutoka barabarani, begi begani na daftari mkononi. Kabla hajafika mbali, jirani anachungulia kutoka uani na kuuliza: “Kwani pale nani anaumwa?”

Swali hilo linaweza kuonekana la kujali tu. Lakini kwa mama anayeishi na Virusi vya UKIMWI (VVU), katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake, linatosha kumfanya asifungue mlango siku nyingine. Na akiufunga, anayeumia zaidi ni mtoto aliye mgongoni.

Katika Mkoa wa Njombe, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulionyesha kuwa asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, wakati wastani wa kitaifa ulikuwa asilimia 4.4. Kwa hiyo huko karibu kila ukoo unaguswa, iwe watu wanasema au wananyamaza.

Mama mwenye VVU akitumia dawa za kufubaza virusi (ARV) ipasavyo, uwezekano wa kumwambukiza mtoto hushuka hadi chini ya asilimia 5. Asipopata huduma yoyote, unaweza kufika kati ya asilimia 15 na 45. Mtoto naye anatakiwa kupimwa akiwa na umri wa wiki sita, kwa tone la damu linalotolewa kisiginoni, kisha arudiwe kupimwa hadi atakapomaliza kunyonya. Haraka hiyo ina sababu. Mtoto aliyezaliwa na maambukizi asipotibiwa huweza kudhoofika ghafla, na karibu nusu ya watoto wa aina hiyo hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili.

Wiki sita baada ya kujifungua ni siku za uzazi. Mama bado amechoka, nauli haipo na barabara ina tope. Hapo ndipo mhudumu anapohitajika. Anamkumbusha tarehe, anamuuliza kama dawa zinameng'enywa vizuri au zinamtapisha, anaangalia kama mtoto ananyonya, na panapo tatizo anaandika rufaa kwenda zahanati. Hamwanzishii mtu dawa wala kumbadilishia. Hiyo ni kazi ya kliniki.

Hata mtu mzima anayeendelea vizuri anamhitaji. Siku hizi mgonjwa wa aina hiyo hupewa dawa za miezi mitatu, na wengine hata sita. Anaokoa nauli, lakini pia anakaa muda mrefu bila kuonana na mtaalamu. Katika muda huo anaweza kukata tamaa, kuhama shamba au kuficha dawa asionwe na wifi, na kidogo kidogo akaacha kumeza.

Zamani, katika maeneo mengi, waliopita majumbani walijulikana kuwa ni wa wagonjwa wa UKIMWI tu. Wakiingia kwako, kijiji kizima kimeshapata jibu. Mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, unachanganya huduma zote. Mhudumu huyohuyo anafuatilia wajawazito, lishe, malaria, kifua kikuu na VVU. Anayebisha hodi kila nyumba haifichui nyumba yoyote.

Ila kinga hiyo inafanya kazi pale tu majirani wanapomfungulia wote. Ukimkataa kwa kusema “sisi hatuna mgonjwa,” umeacha nyumba chache zinazomkaribisha zionekane. Mkaribishe, mpe kigoda, muonyeshe kadi ya kliniki ya mtoto wako na umuulize kuhusu chanjo na uzito. Ziara yako ya kawaida inamfichia mwenzako siri yake.

Mhudumu naye ana wajibu. Sheria ya kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya mtu yabaki siri. Ukisikia mhudumu akitaja hali ya mtu kisimani au kilabuni, usiendeleze maneno hayo. Peleka taarifa kwa mganga mfawidhi wa zahanati au uongozi wa kijiji.

Watoto nao wanasikiliza. Wakiuliza kwa nini yule mama mwenye begi ameenda kwa kina fulani, jibu fupi linatosha: “Anapita kila nyumba, kesho atakuja na kwetu.”

Na akija kweli, mfungulieni.