Kishindo cha Nyuma si Sifa ya Gari

Ijumaa moja baada ya sala ya alasiri mpwa wangu alinipitia nyumbani anipeleke Kilifi kumpa pole jamaa yetu aliyefiwa. Kijana huyu ana Subaru Impreza STI ya umbo lile lililotoka mwaka 2008, na gari hilo kwake ni kama ngalawa kwa mvuvi. Hatujafika Mtwapa nikasikia kila anapoachia klachi kishindo kinatokea chini ya kiti cha nyuma, kama mtu abishaye hodi.

"Ni nini hicho, mwanangu?" nikamwuliza.

"Hiyo ndiyo tabia ya magari ya mbio, mjomba," akanijibu, na kicheko juu.

Kwenye kona moja baada ya Kikambala, alipoondoa mguu kwenye mafuta ghafula, nyuma ya gari ilijisogeza upande bila ya yeye kugusa usukani. Hakucheka tena. Mimi nilikwisha kushika mlango, nasoma kila nilichojaliwa kuhifadhi chuoni.

Kesho yake tulikwenda kwa fundi mzee nimjuaye tangu ujana. Aliinua gari, akaliwekea magogo ya chuma, maana mtu mwenye akili haingii chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Akatia mtaimbo kati ya difu na fremu, akasukuma kidogo tu. Difu lote likainuka. Bushi zilikuwa zimechanika, mpira umeachana na kikombe chake cha chuma. Lililonichoma zaidi ni kwamba miezi mitatu kabla yake fundi mwingine alilipwa kwa bushi mpya. Alichofanya ni kuzipaka zile kuukuu rangi nyeusi zing'are.

Simtaji, wala sitaki kumwaibisha. Lakini jambo lenyewe nitalisema, kwa kuwa magari haya yamejaa mijini kwetu, na wanaoyaendesha ni wana wetu.

Vijana wana sababu ya kuyapenda. Subaru Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Colin McRae, na 2000 kwa Richard Burns. Mashindano hayo yaliporudi katika ratiba ya dunia mwaka 2021, mapenzi yakafufuka. Kwa hiyo kijana akipata gari, fedha yake ya kwanza huenda kwenye ekzosi ya kunguruma, ya pili kwenye turbo na kompyuta ya injini. Nguvu inaongezeka. Lakini je, nguvu hiyo inashikwa na nini?

Nguvu ya injini huja nyuma kwa shafti, ikaingia difu, nalo likaigawa kwa magurudumu mawili. Shafti inaposokota, difu nalo hutaka kujipindua mahali pake. Kinachokataza ni bushi zake. Difu limebebwa na fremu ndogo ya chuma, mafundi huiita sabufremu, na mikono ya magurudumu imeshikwa humo humo. Fremu hiyo nayo imefungwa kwenye bodi kwa bolti zinazopita katika bushi nyingine. Bushi za difu zikilegea, utasikia kishindo unapoingiza gia au kuachia mafuta. Zikilegea za fremu, ekseli yote husogea kwenye kona, magurudumu hubadili uelekeo, na gari hujipiga usukani lenyewe.

Tukumbuke pia kwamba sheria ya Kenya huruhusu gari lililotumika kuingia likiwa halijapita miaka 8. Basi hata lile linaloshuka bandarini leo laweza kuwa na mpira wa miaka saba, kisha likutane na matuta na mashimo yetu.

Sasa, tiba. Kuna wanaosema tia bushi za alumini, maana hazinyumbuki hata chembe. Kwa gari la mashindano, sawa. Kwa gari la kuwapeleka watoto chuoni, hapana. Mpira haukuwekwa kwa ubahili, kazi yake ni kumeza mtikiso na mlio wa meno ya difu. Ukiuondoa, mlio wote unaingia ndani, na mama yako atakuuliza kwa nini umempakia kwenye mashine ya kusaga mahindi. Tena nguvu isiyomezwa na bushi huhamia kwenye bodi. Wenye BMW za umbo la E46 wanajua vizuri jinsi sakafu inavyoweza kupasuka pale fremu ya nyuma iliposhikwa.

Katikati pana poliyurethani, ambayo ni ngumu kuliko mpira na laini kuliko chuma. Mahali pake pazuri ni kwenye difu na fremu, kwa kuwa bushi za hapo hazizunguki, zinashikilia tu. Kwenye mikono ya magurudumu, inayopanda na kushuka saa zote, yataka uangalifu zaidi, maana hulia na hukwama isipopakwa grisi yake ya silikoni. Asiye na uwezo wa seti nzima, na mpira wake bado haujachanika, anaweza kutia vijazio vya poliyurethani katika nafasi zilizo wazi za bushi za kiwandani. Ama mwenye gari la kawaida, bushi mpya halisi za mpira zamtosha kabisa.

Usibadili upande mmoja ukaacha wa pili. Wala usikaze difu ukaiacha fremu inayumba, kwa kuwa mzigo utahamia pale palipo dhaifu. Na kwa hewa yetu ya chumvi, bolti za fremu hushikwa na kutu. Zipakwe mafuta ya kulegeza usiku kucha kabla ya spana, na bushi kuukuu zitolewe kwa presi, zisichomwe moto na moshi wake kuvutwa kifuani.

Nawaambia vijana: kabla ya kununua ngurumo, lipieni kwanza kile kinachoishika. Mwambieni fundi awarudishie bushi za zamani mkononi, mzione. Na nyinyi mafundi, ndugu zangu, mteja hawezi kuona chini ya gari lake, amekuaminini. Sote tulifundishwa juu ya mkeka mmoja hukumu ya mwenye kupunguza mizani. Rangi nyeusi juu ya mpira uliochanika ni mizani iliyopunguzwa, na kinachopimwa humo ni roho za watu.

Mpwa wangu ametia poliyurethani kwenye difu na mpira mpya kwenye fremu. Wiki iliyopita tulikwenda tena Kilifi. Ile kona tuliipita tukizungumza.