Hiari Haipangiwi Tarehe

Wazee wangu wa Ihanda, leo nasema nanyi, mniwie radhi. Nimechoka kuwasikia vijana wetu, penye rubisi na penye mizani ya kahawa, wakishangilia kila tangazo la kuwarudisha wakimbizi. "Waende, wamekaa mno!" Nanyi mnaojua, mmenyamaza.

Mnajua kuliko redio. Aprili 1994 watu kama 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja. Kambi ya Benaco ikafurika, na huku Karagwe zikajaa kambi za Chabalisa, Omukariro, Kagenyi na Rubwera. Mliwapa ndizi na maharage kabla malori ya msaada hayajafika. Heshima hiyo hakuna wa kuwanyang'anya. Kisha Desemba 1996 serikali na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wakatoa tamko la pamoja: Wanyarwanda wote wawe wamerudi ifikapo tarehe 31. Wengi walifunga virago, lakini wakaupa mpaka kisogo wakaingia ndani ya nchi. Askari wakawageuza. Baba anayemwambia mwanawe "ukipenda" huku ameshika fimbo, hiari gani hiyo?

Najua, kambini walikuwamo waliofanya mauaji ya kimbari. Mwuaji akamatwe, ahukumiwe. Mama mwenye mtoto mgongoni ana kosa gani?

Na tumerudia. Agosti 2019 Tanzania na Burundi zilikubaliana kuanza kuwarudisha Warundi Oktoba 1, ilhali UNHCR ilisema hali kwao haijafikia kuwahimiza watu warudi. Miaka hiyo masoko ya kambi za Kigoma yalifungwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: mtu haruhusiwi kutoka bila kibali, halimi, hauzi hata fungu la nyanya, halafu anaulizwa kama anapenda kurudi!

Wakristo wenzangu, Yosefu na Mariamu walirudi kutoka Misri Herode alipokufa, si Misri ilipochoka nao. Nanyi Waislamu mnajua jinsi Najashi wa Habasha alivyozirudisha zawadi za wajumbe wa Makureshi, asiwatoe wageni wake. Hiyo ndiyo diplomasia. Nasi tuliiweza: Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen ya wakimbizi 1983, na 2014 Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia 1972, pamoja na wazao wao, walipewa uraia. Serikali iliyofanya hayo haishindwi kukaa mezani na Burundi, na kuwaweka wakimbizi wenyewe kitini, wanawake wakiwa mbele, waseme wanaogopa nini.

Halafu hili la miti, siwezi kulipita. Kila ukiwatetea wakimbizi utajibiwa: "Walimaliza misitu yetu." Kweli, walikata. Lakini ni zaidi ya miaka 25 tangu waondoke. Mkaa unaopakiwa usiku kwenye pikipiki umechomwa na nani? Nyani haoni kundule. Mwenye shoka leo ni mwanao, mzee wangu, na ada yake ya shule imetoka hapohapo.

Basi jioni ya leo, kabla redio haijawashwa, mwiteni kijana huyo. Mwambieni mlichokiona barabarani Desemba ile: magodoro vichwani, vikongwe wameshikwa mikono, na ninyi mmesimama kando ya migomba yenu, kimya.