India: Dhamana yazua utata katika sheria ya kulinda Wadalit

MTU anayeshukiwa kwa mauaji nchini India anaruhusiwa kisheria kuomba dhamana kabla ya kukamatwa. Lakini anayedaiwa kumtukana Mdalit hadharani kwa sababu ya tabaka lake amefungiwa mlango huo na Kifungu cha 18 cha Sheria ya Kuzuia Ukatili ya mwaka 1989.

Ukali huo haukuja bure. Wadalit, ambao kwa karne nyingi walitengwa na kuitwa watu wasiofaa kuguswa, pamoja na makabila ya asili, walikuwa takribani robo ya raia wote katika sensa ya 2011. Wengi hutegemea matajiri wa vijiji vyao kwa kazi na ardhi. Bunge lilihofia kuwa mshukiwa aliye huru angewatisha mlalamishi na mashahidi hata kabla ya kesi kuanza.

Je, aliyesingiziwa naye akimbilie wapi?

Swali hilo lilifika mbele ya Mahakama ya Juu kupitia kesi ya Subhash Mahajan, afisa wa elimu ya kiufundi katika jimbo la Maharashtra. Mfanyakazi mmoja alikuwa amewashtaki wakubwa wake waliomwandikia ripoti mbaya. Mahajan alipokataa kutoa idhini ya wakubwa hao kushtakiwa, naye akashtakiwa chini ya sheria hiyo hiyo.

Machi 20, 2018, majaji wawili walimwondolea lawama. Hata hivyo, hawakukomea hapo. Waliagiza kuwa mtumishi wa umma asikamatwe bila idhini ya mwajiri wake, na raia wengine bila idhini ya mkuu wa polisi wa wilaya. Aidha, polisi waliruhusiwa kuchunguza malalamiko kwanza kabla ya kuyaandikisha.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Aprili 2 mwaka huo, Wadalit walifanya maandamano katika majimbo mengi na watu kadhaa wakauawa. Hoja yao ilikuwa nzito: mnyonge anayeogopa hata kuingia kituo cha polisi anawezaje kutakiwa kusubiri idhini ya wakubwa? Agosti, bunge lilipitisha Kifungu cha 18A kufuta masharti hayo. Oktoba 1, 2019, mahakama yenyewe iliyabatilisha, ikisema hakuna msingi wa kudhani kuwa mtu ni mwongo kwa sababu tu ya tabaka lake.

Lakini mshtakiwa hakuachwa mikono mitupu. Februari 10, 2020, mahakama hiyo ilipoidhinisha Kifungu cha 18A, ilieleza kuwa marufuku ya dhamana hayatumiki pale ambapo malalamiko yenyewe, yakisomwa yalivyo, hayaonyeshi kosa chini ya sheria hiyo.

Uzito wa maelezo hayo ulionekana Novemba 2020 katika kesi ya Hitesh Verma, iliyotokana na mzozo wa ardhi jimboni Uttarakhand. Mahakama ilisema matusi yaliyodaiwa kutolewa ndani ya nyumba, mbali na macho ya umma, hayatimizi masharti ya kosa hilo. Mashtaka chini ya sheria ya ukatili yakafutwa, lakini madai mengine ya jinai yakaachwa yaendelee.

Kwa hivyo, utetezi wa aliyesingiziwa unaanza na maandishi ya malalamiko: Je, tendo lilifanyika hadharani? Je, lilitokana na tabaka, au ni ugomvi wa shamba na kazi? Akinyimwa dhamana ya mapema, bado anaweza kuomba dhamana ya kawaida baada ya kukamatwa, na kukata rufaa katika Mahakama Kuu. Mlalamishi naye ana haki ya kusikizwa katika maombi hayo.

Tahadhari inahitajika pande zote. Kesi kuporomoka si ithibati kwamba mlalamishi alidanganya. Mashahidi hutishwa na polisi huzembea. Vilevile, wingi wa dhuluma dhidi ya Wadalit si ithibati kwamba kila anayetajwa ana hatia.

Kosa la 2018 lilikuwa kuweka kizuizi mbele ya kila mlalamishi ili kumkinga mshukiwa mmoja. Kazi ya kupembua pumba na mchele ni ya hakimu, akiwa na malalamiko mkononi, wala si ya mwajiri wa mshukiwa.